Amekwisha kuwa mtu mzima: moyo wake bado unaweza kupasuliwa?



Juma hili tunaandika juu ya swali lililoulizwa katika mkutano wetu wa Jumamosi, nalo likatunyamazisha sisi wote. Tulikuwa tumemaliza kuhesabu pesa za likelemba, wengine wameanza kukaza vitenge ili wawahi pirogi ya kuvuka, ndipo mama mmoja wa kundi letu aliposimama. Akasema: "Niko na mdogo wangu, ana miaka 23. Tangu utoto wake midomo yake ni ya rangi ya zambarau. Tumeambiwa ni moyo aliozaliwa nao, na kwamba alipaswa kupasuliwa angali mtoto. Sasa amekwisha kuwa mtu mzima. Ndiyo kusema tumwache tu?"

Hakuna aliyejibu. Mama mzee mmoja alisema tumwombee, tukamwombea, na tulifanya vizuri. Lakini swali lilibaki pale kwenye mkeka, na sisi wa kamati tukaondoka nalo. Tulikwenda kumwona binti mwenyewe. Tuliuliza waganga wa hospitali, tukarudi kuuliza mara ya pili pale ambapo hatukuelewa. Tuliyoyapata tunayaweka hapa kwa sababu tunajua huyu binti si peke yake katika Maniema yetu. Ameturuhusu kusimulia habari zake, ila jina lake tumeliacha nyumbani kwao.

Jibu fupi tunalitoa mbele, kwa mama aliye na haraka ya kwenda sokoni: umri peke yake haufungi njia. Kwa ugonjwa wa huyu binti, mtu wa miaka 20, 30, hata aliyepita 40, anaweza kupasuliwa na kupona vizuri. Lakini yako magonjwa mengine ya moyo wa kuzaliwa nao ambayo kwa hayo kuchelewa ni kuchelewa kweli. Jicho la jirani haliwezi kuyatofautisha, wala jicho letu sisi. Tutaeleza kwa nini.

Mtoto aliyekuwa akichuchumaa

Mama mzazi wa binti anakumbuka mambo kwa utaratibu, kama mtu aliyeyarudia usiku mwingi. Alipozaliwa hakuwa na shida ya kuonekana. Kwenye miezi minne hivi alianza kubadilika rangi akilia. Alipoanza kutembea alikuwa anakimbia hatua chache na wenzake, halafu anachuchumaa chini, magoti kifuani, anapumua kwa nguvu, anasubiri. Kisha anainuka. Watu walicheka, wakasema mtoto ana uvivu. Katika kituo kimoja cha afya waliandika pumu, na kwa miaka mingi akatibiwa pumu. Baadaye shangazi mmoja alianza kusema maneno ya uchawi, na binti akakaa juma zima katika chumba cha maombi bila kula vizuri. Alitoka humo akiwa hawezi kusimama.

Yule mtoto hakuwa mvivu, na kuchuchumaa hakufundishwa na mtu. Mwili wake wenyewe uligundua dawa. Mtu akichuchumaa, mishipa ya miguu inabanwa, damu inakosa njia nyepesi ya kushukia chini, na hivyo sehemu kubwa zaidi inasukumwa kwenda mapafuni kuchukua hewa safi. Munganga aliyezoea magonjwa ya moyo akisikia tu kwamba mtoto anachuchumaa akicheza, masikio yanamsimama. Basi mama, ukiona hivyo kwa mtoto wako au wa jirani, usicheke. Na mtoto mchanga mwenye shida hii akipatwa na kukosa pumzi ghafula na kuwa wa zambarau sana, mkunjie magoti mpaka kifuani, mtulize, halafu kimbia naye hospitali.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la munganga Mfaransa, Fallot, aliyeueleza vizuri katika mji wa Marseille mwaka 1888. Ni kasoro nne zinazokwenda pamoja. Moyo ni kama nyumba yenye vyumba viwili vikubwa chini: cha kuume kinatuma damu iliyotumika kwenda mapafuni, cha kushoto kinatuma damu safi mwilini. Kwa mtu wa Fallot ukuta kati ya vyumba hivyo una tundu. Njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Mshipa mkuu wa mwili, badala ya kukaa upande wake, umekaa juu ya lile tundu kama mtu aliyepanda ukuta, mguu huku na mguu huku. Na chumba cha kuume, kwa sababu ya kusukuma siku zote kwenye mlango mwembamba, kinanenepa nyama zake. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya damu iliyotumika, ikikuta njia ya mapafu imebanwa, inapita tunduni na kurudi mwilini bila kusafishwa. Hiyo ndiyo rangi ya zambarau.

Katika vitabu wanasema "mtoto wa bluu". Kwenye ngozi yetu nyeusi ubluu hauonekani shavuni. Tazama ulimi, ufizi, ndani ya mdomo, na kucha. Ulimi wa binti yetu una rangi ya safu lililoiva. Ncha za vidole vyake zimevimba na kuwa duara, kama vijiti vya kupigia ngoma. Pale hospitali walimbana kidole na kale kamashini kadogo ka kupima oksijeni. Sisi wa kamati tuliojaribu tulipata 97 na 98. Yeye alipata 79.

Kwa nini haonekani mara nyingi kati ya watu wazima

Ugonjwa wa Fallot si wa kila mlango. Kati ya watoto 10,000 wanaozaliwa, ni kama 3 au 4 hivi wanaokuja nao. Na kumwona mtu mzima ambaye hajapasuliwa ni jambo la nadra zaidi, kwa sababu ya kuhuzunisha: wengi hawafiki. Wale waliohesabu maisha ya wagonjwa wasiopasuliwa walikuta kwamba kati ya 100, ni 66 wanaofikisha mwaka mmoja, 24 wanaofikisha miaka 10, 11 wanaofikisha miaka 20, na 3 tu wanaofika miaka 40. Munganga alipotusomea hesabu hizi, tulimtazama binti aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisuka nywele za mtoto wa dada yake. Ni mmoja kati ya wale 11.

Yuko aliyefika mbali zaidi. Mtunzi wa muziki Mmarekani, Henry Gilbert, aliishi na moyo wa namna hii bila operesheni na alikufa mwaka 1928 akiwa na miaka 59, mpaka waganga wa wakati ule wakaandika habari zake kwa mshangao. Tunamtaja kwa sababu daima yuko mtu wa kusema: "Mbona fulani aliishi?" Ndiyo, aliishi. Lakini likelemba haiendeshwi kwa kutegemea mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo lilitushangaza sisi wenyewe, na ambalo ndilo jibu la swali la Jumamosi.

Yako matundu ya moyo ambayo hayana ule mlango mwembamba. Mtoto wa namna hiyo hana rangi ya zambarau. Ana homa ya kifua kila mara, hanenepi, anatoka jasho akinyonya, lakini midomo yake ni ya kawaida, na watu wanasema atakua nayo. Kwake yeye damu nyingi mno inakwenda mapafuni kwa nguvu. Mwaka baada ya mwaka mishipa ya mapafu inapigwa, inakuwa migumu, inaziba. Siku ikifika ambapo mapafu yameharibika kabisa, damu inageuza njia, na ndipo naye anakuwa wa zambarau, pengine akiwa kijana. Huyo akija kwa munganga saa hiyo, kuziba tundu kunaweza kumwua, kwa sababu tundu limekuwa ndiyo pumzi ya moyo wake. Kwake, kweli, njia ilifungwa.

Lakini mtu wa Fallot, ule mlango mwembamba uliomnyima hewa tangu utoto ndio uliolinda mapafu yake. Damu haikuwahi kuyapiga kwa nguvu. Akija na miaka 23, mapafu yake kwa kawaida yangali laini, yanangoja tu kupata damu. Ndiyo sababu waganga wanampasua hata akiwa mtu mzima.

Watu wawili, midomo ileile, vidole vilevile. Mmoja anapasuliwa na mwingine hapasuliwi. Aliyemwambia ndugu yetu kwamba dada yake amechelewa hakusema uongo wa makusudi. Alichanganya magonjwa mawili. Na wa kuyatenganisha ni ekografi ya moyo, ile mashini ya kutazama kama tunayotazamiwa mimba, ila inawekwa kifuani na kushikwa na mtu aliyejifunza moyo. Kabla ya ekografi, asiwepo mtu wa kusema "amechelewa", wala wa kusema "atapona".

Tulikotoka

Turudi nyuma kidogo, maana habari hii ina mwanamke ndani yake. Baltimore, kule Marekani, alikuwako munganga wa watoto aitwaye Helen Taussig. Masikio yake yalikuwa yameharibika, hakuweza kusikia moyo vizuri kwa kifaa, akajifunza kuusikiliza kwa vidole vya mikono yake. Aliwatazama watoto wa zambarau wakifa kliniki kwake, akafikiri: kama shida ni njia nyembamba, kwa nini tusiwachimbie njia nyingine ya kupeleka damu mapafuni? Mpasuaji Alfred Blalock alikubali. Mtu aliyeitengeneza kazi hiyo kwa mikono yake, akiijaribu kwa mbwa mara nyingi, alikuwa Vivien Thomas, mtu mweusi aliyeanza maisha kwenye useremala na ambaye hakuwa na diploma ya uganga. Tarehe 29 Novemba 1944 walimpasua mtoto wa kike wa miezi 15. Thomas alisimama kwenye kiti kidogo nyuma ya Blalock, akimwelekeza. Waliunganisha mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu. Midomo ya mtoto ikabadilika. Chuo kikuu kilimpa Thomas heshima ya udaktari mwaka 1976 tu, miaka 32 baadaye. Tuliposoma hayo, mama mmoja wa kamati, mkunga, alitikisa kichwa akasema anawajua akina Thomas wengi katika materinite zetu.

Hiyo ilikuwa njia ya pembeni, tundu lilibaki. Kuutengeneza moyo wenyewe kwa ndani kulianza Minneapolis, tarehe 31 Agosti 1954, kwa mkono wa Walton Lillehei. Siku hizo alikuwa anatumia mtu mzima mzima kama mashini: damu ya mtoto ilipitishwa katika mwili wa mtu mwenye damu inayolingana, mara nyingi mzazi wake, aliyelala kitanda cha pili, moyo na mapafu yake yakifanya kazi ya watu wawili. Mama yeyote anaelewa kwa nini wazazi walikubali. Baadaye zikaja mashini za kufanya kazi hiyo, na ndizo zinazotumika leo.

Wanachomfanyia mtu mzima

Kwanza wanapima sana. Mtu mzima wa Fallot si mtoto mkubwa tu. Mwili wake umeishi miaka 20 na zaidi bila hewa ya kutosha na umejitengenezea mambo yake. Damu imekuwa nzito kwa sababu mwili unaongeza chembe nyekundu ili ukamate hewa kidogo iliyopo. Damu hiyo inaganda pasipotakiwa, na wakati wa kupasuliwa inatoka sana na haikatiki vizuri. Mishipa midogo ya ziada imeota kupeleka damu mapafuni kwa njia za uchochoro. Mingine lazima ifungwe kabla au wakati wa operesheni. Nyama za chumba cha kuume zimekuwa ngumu. Haya yote yanafanya kazi iwe nzito kuliko kwa mtoto, na familia inapaswa kuambiwa wazi kwamba hatari iko. Lakini mahali penye wapasuaji waliozoea, walio wengi wanatoka salama.

Siku yenyewe analazwa kwa dawa ya usingizi. Mfupa wa kifua unakatwa katikati kwa urefu. Damu inapitishwa kwenye mashini, moyo unasimamishwa. Mpasuaji anakata nyama zilizobana mlango, anashona kiraka juu ya tundu ili kila chumba kibaki na damu yake, na kama mlango wa mapafu bado ni mwembamba anaupanua kwa kiraka kingine. Pengine anaweka vali mpya. Kiraka hukatwa toka kwenye ngozi inayofunika moyo wa mgonjwa mwenyewe, au ni cha kitambaa maalum. Halafu moyo unaachwa uanze tena. Ni kazi ya saa nyingi, na waliosubiri nje wanasema saa hizo hazina mwisho. Baada ya hapo ni siku chache katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha wodi.

Mfupa wa kifua unaunga kama mfupa mwingine wowote, unataka kama miezi mitatu hivi ili ushike kabisa. Tuwe wazi hapa, maana tunazijua nyumba zetu: miezi hiyo asibebe bidoni ya maji, asitwange sombe, asifue mablanketi, asipande nyuma ya pikipiki kwenye mashimo. Mtu akitoka hospitali midomo ikiwa imebadilika rangi, jamaa wanafikiri amepona jana na kesho ataenda shamba. Hapana.

Na hata akipona, atarudi kwa munganga maisha yake yote. Vali ya mapafu mara nyingi inavuja baada ya operesheni, na baada ya miaka mingi inaweza kudai kubadilishwa. Wengine wanapata mapigo ya moyo ya fujo. Si kwamba operesheni imeharibika, ndivyo ilivyo. Kuna waliopasuliwa wakiwa wadogo na leo ni watu wa mbio na michezo mikubwa: Shaun White wa Marekani, aliyepasuliwa Fallot akiwa mtoto mchanga, alichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mara tatu, 2006, 2010 na 2018, kwa kuteleza juu ya theluji. Sisi wa Kindu theluji hatuijui, lakini nguvu ya kifua tunaijua.

Anaposubiri, tumlinde hivi

Kusubiri kunaweza kuchukua miezi, hata miaka, na hapa ndipo kundi la wamama lina kazi.

Maji. Damu yake ni nzito. Akikauka inakuwa nzito zaidi na anaweza kupooza upande mmoja kwa siku moja. Akihara, akitapika, au jua likiwa kali, anywe na anywe tena. Ndugu zetu Waislamu, ambao katika jimbo letu ni wengi, wanajua kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Asione haya kuitumia. Na wale wanaofunga siku tatu kavu kwenye maombi, tunawaomba wamwombee yeye akiwa amekula na kunywa.

Asipigwe chuku. Tumesikia wanaosema "damu yake ni nyingi, mpunguzeni". Kumtoa damu ovyo kunamwondolea madini ya chuma, na damu isiyo na chuma inamdhuru zaidi. Kama ni lazima ipunguzwe, ni munganga wa moyo anayeamua, na inarudishiwa maji kwa kipimo.

Akitundikwa serumu, mwambieni muuguzi kwa heshima kabisa: "Huyu ana tundu la moyo, tafadhali toeni hewa yote kwenye mpira." Kwetu sisi kapovu kadogo ka hewa kanaishia mapafuni, hatusikii kitu. Kwake kanaweza kupita tunduni na kupanda kichwani.

Homa pamoja na kichwa kuuma sana, au kichwa kikali na kutapika au degedege: msimalize dawa za malaria nyumbani. Kwa watu hawa uchafu wa damu haupiti kwanza mapafuni kuchujwa, na jipu linaweza kuota ndani ya ubongo. Pelekeni hospitali siku hiyohiyo na mtaje moyo. Meno nayo: apige mswaki kila siku, na akitaka kung'oa jino amwambie mng'oaji habari ya moyo wake kabla, ili apewe dawa ya kuzuia vidudu visiende moyoni.

Tunafika kwenye mimba. Binti yetu ana mchumba. Tulisita kuandika jambo hili, lakini gazeti la wamama lisipolisema litasemwa na nani? Mwanamke wa Fallot ambaye hajapasuliwa, mimba ni hatari kubwa kwake na kwa mtoto. Waganga waliowafuata wajawazito wenye mioyo ya zambarau walikuta kwamba mama mwenye oksijeni ya 85 au chini yake, ni mimba 12 tu kati ya 100 zilizoleta mtoto hai. Yeye ana 79. Baada ya operesheni iliyokwenda vizuri, wengi wanabeba mimba na kuzaa salama, wakifuatiliwa na waganga. Kwa hiyo kungoja si kumnyima uzazi, ni kumwekea. Wakati wa kungoja vidonge vya uzazi wa mpango vya kawaida, vyenye homoni mbili, havimfai kwa sababu vinaongeza kuganda kwa damu. Aulize njia nyingine, kama kipandikizi cha mkononi, na amwambie muuguzi habari ya moyo kabla ya kupewa chochote. Mchumba alikuja mwenyewe kutusikiliza. Hakusema mengi. Aliuliza kama operesheni inauma.

Njia ya kutoka Kindu

Hapa kwetu moyo haupasuliwi. Tukubali hilo bila kulaumu mtu. Mlango wa kwanza ni hospitali kuu yetu, kupata barua ya kumtuma na vipimo vya damu, halafu ekografi ya moyo kwa mtu aliyeisomea, ambaye kwa wengi wetu maana yake ni safari ya Kinshasa. Zamani watu wa hapa walizoea pia kushika njia ya Goma, lakini tangu mji ule ulipochukuliwa na M23 Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia hiyo si ya kumtegemezea mgonjwa.

Nje ya nchi, majirani wamepiga hatua. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 ndani ya uwanja wa hospitali ya Muhimbili, nayo inapokea wagonjwa toka nchi jirani. Kwa mtu wa Kindu ina faida ambayo haiandikwi kwenye bei: munganga, muuguzi na mfagiaji wote wanasema Kiswahili, na mgonjwa anaeleza maumivu yake mwenyewe bila mkalimani. Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago. Kigali nao wanapasua moyo, katika hospitali ya King Faisal. Khartoum kulikuwa na nyumba ya pekee, kituo cha Salam cha shirika la Kiitalia EMERGENCY, kilichofunguliwa mwaka 2007, ambapo wagonjwa wa nchi nyingi za Afrika walipasuliwa bure. Vita vilivyoanza Aprili 2023 viliikata njia hiyo kwa watu wa mbali.

Kuna njia ya reli na ziwa, ya wazee wetu: treni toka hapa mpaka Kabalo, tawi la Kalemie, meli mpaka Kigoma. Mama wa binti aliitaja kwanza kwa sababu ni rahisi kwa pesa. Munganga aliikataa: siku nyingi mno, joto, maji machache. Ndege anaweza kupanda, ila aulize kwanza, kwani hewa ya ndani ya ndege ni nyembamba kidogo kuliko ya hapa chini, na huenda akahitaji oksijeni njiani.

Neno juu ya pesa. Mtu mmoja alikuja kwa familia akisema ana mkono ndani ya hospitali ya nje na akaomba dola 300 "za kufungua dosye". Walitoa 100 kabla ya kutuuliza. Huyo mtu simu yake haipiti tena. Tangu sasa kamati imeamua: mgonjwa yeyote wa kundi letu, dosye inatumwa na munganga wa hospitali kwa hospitali, kwa barua yenye muhuri, nakala inabaki kwetu. Bei inaulizwa kwa maandishi. Hakuna anayelipa mtu wa barabarani.

Mpaka tunapoandika, barua ya kumtuma imepatikana. Vipimo vya damu vimetoka. Pesa za tiketi ya Kinshasa, ya binti na ya dada yake atakayemsindikiza, zimefika nusu na kidogo. Likelemba ya Alunguli imetoa zamu yake ya mwezi mzima, na wauza mchele wa soko wametoa magunia mawili ya kuuza. Wale waliokuwa wanatafuta mahali pa kufikia Kinshasa, tafadhali mama aliye na ndugu karibu na hospitali kule aje atuambie.

Jumamosi ijayo binti atakuja mkutanoni mwenyewe. Amesema hataki kuletwa kwa pikipiki mpaka mlangoni; atashuka kwenye mwembe na kutembea pole pole. Amesema pia: "Yaya, mkiniona nimechuchumaa njiani, msikimbie kuniinua. Niacheni nipumzike, nitafika." Benchi la mbele, lililo karibu na dirisha, tumemwekea yeye.